Harusi Iliyopunguzwa

Chirau aliingia na viatu miguuni. Mapenzi, aliyekuwa ameinamia kompyuta yake karibu na dirisha, aliviona vile viatu juu ya mkeka kabla hajauona uso wa mumewe, akafungua kinywa amkaripie. Alipouona uso, karipio lilimkauka.

"Simamisha kazi unisikilize," Chirau alisema.

"Nakusikia. Haisimamiki hii, itabidi nianze upya."

"Ile harusi ya Kizingo. Ya binti wa Bi Swafiya. Iko kwenye simu za watu."

"Watu gani?"

"Wanaume, Mama Mejumaa. Nimeiona Makadara, kwa kinyozi. Bi harusi kichwa wazi, mabega wazi, yuwacheza na wenzake. Mtu ameinua simu juu, wengine wameshikana mabega wanatazama. Wanacheka." Chirau alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kujipangusa jasho kwa kiganja. "Nimekuja mbio nikwambie mimi, usije ukaambiwa na watu."

Mapenzi hakupiga kelele. Mikono yake ilitoka kwenye kompyuta ikatua mapajani, ikakaa hapo kama ya mtu aliyekuja kutoa pole matangani. Neno la kwanza lililomtoka, na ambalo baadaye angetamani alirudishe, lilikuwa:

"Umejuaje kuwa ni ile?"

Chirau alimtazama. "Wanataja jina. Binti wa Bi Swafiya, wa Kizingo. Ningejuaje vingine?"

"Nimeuliza tu."

"Umeuliza," Chirau alisema, kisha ndipo alipokumbuka viatu vyake, akavivua na kuvitoa mlangoni.

Mji wa Kale ulimjua Mapenzi kwa jina la fundi wa kupunguza. Alikuwa Mdigo wa Kwale, aliyeletwa mjini na ndoa, na kazi hiyo alijifunza akiwa mwajiriwa wa duka moja la picha kabla duka halijafungwa. Filamu zinazotoka kwenye kamera za siku hizi ni kubwa mno. Ukimpa mtu kama ilivyo, simu yake hujaa ikagoma, na televisheni ya bibi yake huandika kwamba haitambui kitu hicho. Mapenzi huichukua, akaigeuza na kuibana, akatoa faili ndogo itakayofunguka kila mahali. Alianza na mawaidha ya masheikh na katuni za watoto. Kisha zikaja harusi.

Harusi ndizo zilizompa jina. Usiku wa kupamba, bi harusi anapokalishwa mbele ya wanawake wenzake na mabuibui yakatundikwa, hapana mwanamume anayekanyaga ukumbini, na simu za wageni hukusanywa mlangoni. Mpiga picha ni mwanamke. Basi na fundi wa kuipunguza picha hiyo sharti awe mwanamke, tena wa kuaminika. Mapenzi alikuwa na sinia kuukuu lililojaa vyombo vya watu walivyovitupa: tableti yenye ufa, simu tatu za bei ya chini, kidude cha kuchomeka kwenye televisheni ya kizamani. Kila alichokipunguza alikijaribu kwenye vyote. Alijua kwamba ukibana mno nyuso huvunjika kama vigae, na wekundu wa hina hugeuka tope. Ukibana kidogo, umepoteza wakati wako, maana faili haitumiki. Alijua pia kwamba kuna simu zinazoonyesha picha zikameza sauti, na hizo zina dawa yake.

Bi Swafiya alitaka nakala tatu. Moja ya televisheni ya sebuleni, moja ya tableti ya shangazi aliye Maskati, na moja ya simu.

"Hiyo ya simu nataka iwe nyepesi, mwanangu," alisema siku ile, akiwa mchangamfu, mkono wake begani mwa Mapenzi. "Iruke kama unyoya. Jamaa zetu wengine mitandao yao ya kusuasua."

Mapenzi aliifanya nyepesi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya. Hata lulu za kwenye nywele za bi harusi zilihesabika.

*

Kizingo watu hawatembei kwa miguu, na mlinzi wa lango alimtazama Mapenzi kama aliyepotea njia. Alipotaja jina lake, alielekezwa mlango wa nyuma. Ndinda, mfanyakazi wa ndani, alimfungulia, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki kando ya ndoo za kufulia.

"Ameniita," Mapenzi alisema.

"Najua, dada. Subiri." Ndinda aliinamisha macho. "Nyumba hii haijapika tangu jana."

Mara ya mwisho Mapenzi alipokuja, alipitishwa mlango wa mbele akaandaliwa halua na kahawa. Sasa alisubiri mpaka nguo zilizokuwa zimeanikwa zikakauka, Ndinda akaja akazianua. Ndipo alipoitwa.

Sebuleni walikuwamo Bi Swafiya na dada yake. Televisheni kubwa ukutani ilikuwa imefunikwa shuka, kama inavyofunikwa kioo kwenye nyumba ya msiba. Mapenzi alitoa salamu. Dada mtu aliitikia kwa midomo tu. Bi Swafiya hakuitikia kabisa.

"Wajua kilichotufika?"

"Nimesikia, Bi Swafiya. Sina la kusema. Namwonea uchungu Lubna."

"Usimtaje mwanangu. Lubna amerudishwa. Wakwe zake wamemleta jana na sanduku lake, wasema aje apumzike kwao. Wajua maana ya kupumzika?"

Mapenzi alijua. Kutoka juu ghorofani hakukusikika hata kikohozi.

"Sasa nambie," Bi Swafiya alisema, "na uwe ukijua Mungu yuko. Picha ilipokuwa ikipunguzwa, nani alikuwa chumbani?"

"Mimi."

"Peke yako, mwanzo mpaka mwisho?"

Neno moja lingemtosha. Angesema ndiyo, akala kiapo, akaondoka. Lakini Mapenzi alikuwa amekuja na jambo hilo kifuani njia nzima, tangu kwake Ndia Kuu mpaka hapo, na lilikuwa limemwelemea.

"Siku ile mtoto alishikwa na homa. Nilitoka kwenda duka la dawa. Kazi ilikuwa katikati, haisimamishwi, nikamwacha baba yake na mtoto. Lakini kompyuta niliifunika kwa kanga, Bi Swafiya. Na nilirudi upesi."

"Kwa kanga!" Dada mtu alipiga makofi mara moja, kwa uchungu. "Watu tumewapokonya wageni simu zao mlangoni, kumbe kwa fundi kuna kanga!"

"Mumeo afanya kazi gani siku hizi?" Bi Swafiya aliuliza taratibu.

"Alikuwa dereva wa malori. Tangu makontena yaanze kupanda reli, hajapata."

"Yaani hana kazi. Ashinda Makadara, kwenye vibaraza. Na picha imeanzia Makadara." Bi Swafiya aliinama mbele, sauti yake ikawa laini, karibu iwe ya mama. "Mwanangu, sikutakii ubaya wewe. Nataka kujua tu. Yawezekana ni yeye?"

Mapenzi alitazama mazulia. Aliona tena vile viatu juu ya mkeka, ule upesi wa Chirau wa kuileta habari, yale maneno yake: nikwambie mimi, usije ukaambiwa na watu. Alikumbuka pia jinsi Chirau anavyokaa kimya siku hizi anapomwona akipokea wateja, yeye mwanamume aliyezoea kurudi na lori kutoka Malaba mpakani na mikungu ya ndizi. Mtu aliyenyimwa kazi hufanya nini na uchungu wake?

"Sijui," alisema. Kisha, kwa kuwa walikuwa wakimngoja, na kwa kuwa ile sauti laini ilimfungulia njia ya kutoka, aliongeza: "Labda."

Bi Swafiya alijiegemeza nyuma. Alikuwa amepata alichokitaka.

*

Mapenzi alifika kwake pumzi zikimpaa. Chirau alikuwa akimlisha Mejumaa uji, kijiko kwa kijiko, akipuliza kila kimoja.

"Nataka kukuuliza jambo," Mapenzi alisema. "Siku ile nilipokwenda kununua dawa. Uliigusa?"

Chirau hakuinua uso. "Nini?"

"Unajua nini."

"Mtoto alikuwa kifuani mwangu anatapika. Wewe ulifunika kanga yako, mimi nikakaa kule mlangoni. Hata nilimgeuzia mtoto uso asiangalie huko."

"Niapie."

Kijiko kilibaki hewani. Mejumaa alikifuata kwa mdomo wake mdogo, akakikosa.

"Mke wangu ataka niape," Chirau alisema, kama anayemwambia mtoto.

"Baba Mejumaa, wameniuliza. Watu wazima wamenikalisha wakaniuliza. Niambie tu neno niwe na la kuwajibu."

"Na uliwajibu nini?"

Kabla hajasema, sauti ilipanda kutoka njiani. "Chirau! We Chirau! Hebu shuka kidogo!"

Chirau alimkabidhi mtoto, akateremka. Mapenzi alisogea dirishani. Chini, kwenye baraza ya nyumba ya jirani, walikuwapo wanaume watano. Aliwatambua wawili: Bwana Twahir, mjomba wa bi harusi, mwenye kanzu iliyopigwa pasi ikasimama, na Taib, kijana wa Bi Swafiya, kaka wa Lubna, miwani ya jua imepandishwa kichwani. Muuza kahawa alikuwa ameacha kugonga vikombe vyake. Wenye maduka ya vinyago walikuwa wametoka milangoni.

"Salaam aleikum," Chirau alisema.

"Tupe simu yako," Bwana Twahir alisema.

"Kwa nini?"

"Mtu safi haulizi kwa nini."

"Mimi sikuifanya kazi hiyo, mzee wangu. Wala sikuitazama. Na hata kuitazama nisingethubutu, mimi pia nina binti."

"Mkeo mwenyewe amesema labda ni wewe," Taib alisema. Alilisema kwa sauti, ifike maduka ya mbali. "Amesema mbele ya mamangu. Labda."

Chirau aliinua uso akatazama dirishani. Hakutazama kwa hasira. Alitazama kama mtu anayesoma bango la njia aliyoizoea, akakuta imeandikwa jina jingine. Mapenzi alitaka kujitenga na dirisha asiweze. Kisha Chirau alitia mkono mfukoni, akatoa simu, akaifungua kwa kidole, akampa Taib.

Taib alianza kupekua. Aliinamia simu ile huku wenzake wamemzunguka, kichwa kwa kichwa. Alipita picha za lori, za stakabadhi, za leseni ya udereva iliyopigwa pande zote mbili, za Mejumaa siku alipoanza kutembea. Halafu kidole chake kikasimama.

Mapenzi alijua kabla hajaelewa amejuaje. Miaka miwili nyuma, Chirau akiwa amekwama Malaba na lori, usingizi umemtoka kwa upweke, alimwomba mkewe picha. Naye, nywele ndiyo kwanza zimesukwa, kanga moja imefungwa kifuani, alijipiga tatu mbele ya kioo akamtumia, akicheka peke yake chumbani. Alimwambia azifute. Hakuzifuta.

"Huyu ndiye fundi?" mmoja wao aliuliza.

"Ndiye."

"Kumbe!"

Simu ilitoka mkononi mwa Taib ikaingia mkononi mwa mwingine. Ikapita kwa wa tatu. Wa nne aliikuza picha kwa vidole viwili. Bwana Twahir aligeuza uso, lakini aligeuza baada ya kuona, na hakusema acheni. Chirau alinyoosha mkono. "Hiyo ni nyumba yangu," alisema. "Ndugu zangu, hiyo ni nyumba yangu. Nipeni." Walimsukuma kifuani, si kwa nguvu, vile anavyosukumwa mtoto anayesumbua watu wazima. Hakuna aliyepiga ngumi. Pengine ngumi ingekuwa afadhali.

Harusi hawakuikuta. Walitafuta mpaka wakachoka, kisha Taib akairudisha simu kwa kuitupa, Chirau akaidaka.

"Ameshaifuta," Bwana Twahir aliwaambia waliosimama. "Mwizi hakai na alichoiba." Wakaondoka zao kwa utulivu, wakiwasalimia wenye maduka mmoja mmoja.

*

Baada ya hapo wanawake walianza kuja kuchukua vitu vyao. Hawakugombana naye. Walisema hawana haraka na kazi hiyo, au kwamba kuna mpwa wao aliyejifunza, au walinyoosha mkono tu, wakapewa kadi zao za kamera wakashuka ngazi. Mmoja aliuliza kama kuna nakala zilizobaki kwenye mashine, akasimama nyuma ya Mapenzi mpaka alipomwona akizifuta. Chirau naye alikuwa ameahidiwa lori na tajiri mmoja wa Makadara. Alipokwenda, aliambiwa nafasi imepata mtu. Akaanza kusukuma mkokoteni wa maji. Alirudi jioni amelowa mabega, akaoga, akacheza na mtoto, akalala ukingoni mwa kitanda. Mapenzi alipomsemesha alijibu. Alijibu vizuri, kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyomtesa Mapenzi.

"Nisamehe," alimwambia siku moja.

"Kwa lipi?"

"Lile neno."

"Ulisema usilolijua. Umeulizwa, ukajibu." Chirau alikuwa akichana nywele za Mejumaa. "Picha nimezifuta. Ulikuwa umeniambia zamani."

Gari la Bi Swafiya lilikuja Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Halikuweza kuingia vichochoroni. Lilisimama njiani, na Ndinda ndiye aliyetumwa kupanda ngazi. Mapenzi alishuka, akafunguliwa mlango, akaingia kwenye baridi ya gari. Dereva aliambiwa ateremke.

Bi Swafiya alikuwa amekonda. Alisema akitazama mbele, kwenye kioo.

"Imetoka kwangu."

Mapenzi aligeuka kumtazama.

"Taib. Ile flashi uliyoniletea, yenye nakala zote tatu, ilibaki kwenye televisheni. Kulikuwa na msichana mle kwenye picha, binti wa binamu yangu, ambaye Taib alikuwa akimtaka muda mrefu. Akataka kumwona. Akachukua ile ndogo, ya simu, akamtumia rafiki yake mmoja amwonyeshe chaguo lake. Mmoja tu, aapa. Huyo mmoja naye..." Aliupunga mkono. "Ndinda aliwasikia wakigombana kwenye simu. Nilipomshika akakiri. Amelia, ametubu."

"Ni yeye aliyeishika simu ya mume wangu," Mapenzi alisema. "Alikuwa akijua, na akaishika."

"Ni mtoto. Aliogopa." Kisha Bi Swafiya aliongeza, bila ukali, kama anayesahihisha hesabu: "Na wewe nawe uliifanya nyepesi mno. Ile kubwa isingefika popote."

Nje, paka alikuwa akinyemelea vichwa vya samaki. Mapenzi alimtazama mpaka macho yakaacha kumwasha.

"Na Lubna?"

"Ameachwa. Talaka imekuja juzi."

"Bi Swafiya, nakuomba kitu kimoja. Mwambie Bwana Twahir aje pale barazani, mbele ya wale wale, aseme si Chirau. Si lazima amtaje Taib. Aseme tu si Chirau."

"Watu watauliza basi ni nani. Wataka kunivua nguo mbele ya mji?"

"Sisi tumevuliwa."

Bi Swafiya aligeuka kwa mara ya kwanza. Machoni mwake mlikuwa na huzuni ya kweli, lakini ilikuwa huzuni ya mtu aliyekwisha kuamua. "Yule msichana, kwao wametaka Taib amuoe ili kufunika aibu. Tumekubali. Harusi ni mwezi ujao. Kazi ya picha nataka uifanye wewe. Watu wakiona nimekupa wewe, wataelewa wenyewe kwamba hatukulaumu. Wateja watarudi. Ya mumeo ni ya mwanamume, mwanamume husahau."

"Chirau hasahau."

"Basi mwanamke ndiye amsahaulishe. Mwanangu, mimi nimekuja mpaka huku. Wangapi wangekuja?"

Kodi ilikuwa imepita tarehe. Mwenye nyumba alikuwa ameshapanda mara mbili. Mapenzi alisikia kinywa chake kikisema kazi hiyo ataifanya, na Bi Swafiya akamshika begani kama zamani.

*

Alimweleza Chirau yote, hakubakisha. Chirau alisikiliza mpaka mwisho.

"Watasema lini?"

"Hawatasema."

"Na wewe ulisema nini?"

Mapenzi alianza kupanga vile vyombo vya kwenye sinia.

"Umeichukua kazi."

"Kodi, Baba Mejumaa."

"Ndiyo," Chirau alisema. "Kodi kweli." Jambo hilo halikutajwa tena nyumbani humo.

Harusi ya Taib ilifana. Kadi za kamera za usiku wa kupamba zilipoletwa, Mapenzi alifunga madirisha akakaa kazini. Msichana alikuwa mzuri, mwoga, hina imempanda mpaka viwikoni. Kila kamera ilipomkaribia alijifunika uso kwa viganja, na wanawake wakamshika mikono wakaishusha, wakipiga vigelegele. Mapenzi aliibana picha ile, akaijaribu kwenye tableti, akaijaribu kwenye simu. Ilifunguka kila mahali.

Chirau alikuwa amembeba Mejumaa tangu asubuhi, wakashuka kabla picha haijafunguliwa. Mvua ya mchana ilipoanza, Mapenzi alifungua dirisha kidogo akawaona wamekaa barazani, mtoto ndani ya shati la babake. Aliwaita wapande. Chirau alitikisa kichwa. Aliwaita tena, akasema mtoto ataugua. Chirau akasogea ndani zaidi, kwenye ukuta, maji yakimchuruzika mabegani, na muuza kahawa aliyejikinga kando yake akajifanya hakusikia.

Kazi ilipokwisha aliwapigia simu. Akasikia nyayo zikipanda ngazi, zikaja mpaka mlangoni, zikasimama. Mlango ulikuwa wazi. Palikuwa na pazia tu. Chini ya pazia aliona miguu ya mumewe, na dimbwi dogo la maji likijikusanya kati yake.

"Hodi," Chirau alisema.

Mapenzi alidhani ni mzaha, akangoja acheke. Nyuma ya pazia mtoto alipiga chafya.

"Hodi wenyewe."

"Ingia, Chirau. Si kwako hapa?"

Miguu haikusogea. Ilingoja vile vile, kwa adabu, mpaka Mapenzi alipoinuka, akajipangusa uso kwa upindo wa kanga, akasema kama anavyoambiwa mgeni:

"Karibu."